Kujiamini kazini bila kuazima sauti ya mtu: yale nimepitia kwa meza ya mameneja

MamaKontena (mwanzisha uzi)

Habari za jioni watu wangu. Nimesoma nyuzi za kazi hapa kwa muda mrefu na kila mwezi lazima mtu aulize venye atapata kujiamini mbele ya mabosi, majibu nayo huwa ni yale yale, simama wima, ongea kwa nguvu, igiza mpaka uzoee. Hiyo ya kuigiza nimeijaribu karibu mwaka mzima na ilinigharimu, kwa hivyo leo nimeamua kuandika yote. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mimi niko kwa biashara ya klirinsi na usafirishaji, yaani tunatoa makontena ya wateja bandarini na kuyafikisha godauni. Ofisi iko pande za Industrial Area. Niliingia kama karani wa stoo, nikapelekwa dawati la makaratasi, baadaye nikawa suparvaiza pale bandari ya nchi kavu ya Embakasi wakati treni ya SGR ilianza kuleta mizigo 2018, na miaka mitatu baadaye nikapewa kiti cha meneja wa oparesheni. Kutoka hapo kila Jumatatu saa mbili asubuhi niko kwa mitingi ya mameneja, watu saba, meza moja ndefu, na mimi peke yangu ndiye niliyepanda kutoka yadi.

Miezi sita ya kwanza sikuwa naongea. Na nikiongea ilikuwa afadhali ninyamaze. Kuna siku nilikuwa nimeona kwa shiti ya koteshoni kwamba makontena mawili ya futi 40 yamehesabiwa kama ya futi 20. Nikasema hivi, na nayakumbuka maneno yangu hadi leo: "Samahani, labda ni mimi sijaelewa, lakini naona ni kama pengine hapo chini kuna kitu, sijui, labda tuangalie tena." Nilipomaliza meneja wa fedha alikuwa ashafungua ukurasa mwingine. Hakunidharau, hata hakujua nimesema kitu. Koteshoni ikaenda kwa mteja hivyo hivyo na tukabeba mzigo kwa hasara. Mimi ndiye niliyepanga malori ya hiyo kazi, nikijua kabisa venye hesabu imekaa.

Mwisho wa mwaka kwa apreizo bosi wangu akaniambia kazi yangu ni safi ila "huna haiba ya uongozi, ukiwa ndani ya chumba huonekani". Alisema kwa roho nzuri. Lakini nilitoka hapo na swali moja tu kichwani, sasa hiyo haiba inanunuliwa wapi?

HR wakanipeleka semina ya siku mbili kwa hoteli. Mwalimu akatuambia asilimia 55 ya ujumbe ni mwili, 38 ni sauti na 7 tu ndiyo maneno, tukaandika. Akatufundisha tujifungie chooni kabla ya mitingi tusimame mikono kiunoni dakika mbili, eti homoni zinabadilika. Nikarudi kazini nikaanza kujijenga upya kutoka nje. Nikanunua blezi mbili. Nikaanza kuongea kama meneja wetu wa fedha ambaye aliishi Uingereza miaka mingi, zile herufi za puani, ule mcheko mfupi. Nikawa napita yadi kwa haraka na simu sikioni, ju niliona mabosi hupita hivyo.

Na hapa ndipo nataka msome polepole, ju hakuna mtu aliwahi kuniambia hii.

Madereva waliacha kuniletea shida. Wakati niko suparvaiza dereva angenipigia saa kumi na moja alfajiri, "mama, hii trela ina shida", "mama, yadi ya makontena matupu wamefunga geti, tunarudi na kontena". Nilipoanza kuongea kwa pua simu zikapungua, nikadhani ni heshima imeongezeka. Kumbe watu hawajui tena huyu ni nani. Kuna wiki makontena matatu yalikaa kwa godauni ya mteja siku 9 zaidi bila kurudishwa, demareji, ile ada ya kuchelewa kurudisha kontena, inahesabu kila siku, na kila mtu chini yangu alijua isipokuwa mimi. Nikasikia kwa mitingi, kutoka kwa mtu wa fedha, karibu laki moja na nusu. Dairekta akaniangalia akauliza "ulikuwa unajua?" Nikiwa na blezi yangu na mgongo umenyooka vizuri sana, sikuwa na kitu cha kumjibu.

Jioni hiyo nilienda kukaa yadi. Tuna fomeni mmoja, mzee wa Changamwe, simtaji jina. Ana karibu wapakuzi 30 chini yake na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nikakaa kwa paleti nikamwangalia akifungua kontena. Kwanza alisimama mbele ya mlango akasoma namba ya sili, akaiangalia kwa karatasi, akaisoma tena kwa sauti ndogo. Wapakuzi wote walikuwa wamenyamaza, hakuna aliyewaambia. Kisha akasema, "Maboksi ni 412. Mazito yako nyuma. Tunaanza kulia." Ni hayo tu. Kijana mmoja akauliza kitu kuhusu forklifti, mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Hiyo sijui. Ngoja nimuulize fundi." Akaenda kweli, akarudi na jibu, kazi ikaanza.

Niliishi na huyo mzee miaka mingi na sikuwahi kumwona. Haiba ambayo nililipiwa semina kuitafuta ilikuwa mita 100 kutoka kwa dawati langu, ndani ya ovaroli. Alikuwa amehesabu kabla ya kufungua mdomo, na watu wake walikuwa wanajua hivyo.

Basi nikabadilisha mambo. Jumatatu nikawa nafika yadi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mitingi, nahesabu mwenyewe makontena yaliyo nje na siku ngapi zimebaki kabla demareji ianze, na naongea na madereva kwa Kiswahili changu kile kile cha zamani. Simu zilichukua kama miezi miwili kurudi. Nikaenda kwa mitingi na mistari mitatu kwa daftari, namba, maana yake, na kitu naomba. Na nikaacha kuanza na samahani. Samahani ni neno zuri, mama yangu alinilea nalo, lakini nilikuwa nalitumia kama mtu anayebisha mlango na kukimbia.

Siku iliyobadilisha mambo haikuwa kubwa. Dairekta alikuwa anasoma malalamiko ya mteja kuhusu bili, akasema tuombe bandari watupunguzie demareji. Nikangoja amalize. Nikasema, "Hiyo bili ina vitu viwili. Storeji ni ya bandari. Demareji ni ya mwenye meli, ju ni kontena lake tumechelewa kulirudisha. Bandari haiwezi kutupunguzia kitu ambacho si chake. Naomba leo niandikie wakala wa meli, na nimeshapata tarehe zote za geti." Nikanyamaza. Hiyo kimya ilikuwa ndefu kwangu, pengine sekunde nne, na nilitamani sana kuijaza na "ama nyinyi mnaonaje, labda nimekosea". Sikuijaza. Dairekta akasema, "Sawa, andika."

Kwa sauti yangu ya mtaani, ya kule Umoja, na mistari mitatu.

Nimeandika kwa sababu najua kuna mtu hapa Jumatatu anaingia kwa chumba kama hicho na tumbo limekaza. Ulizeni chochote, nitajibu ninayoyajua.

---

mhasibu_mdogo

Dada asante sana, nimesoma nikiwa kwa matatu nimekwama hapa Mombasa Road na nimepitisha steji yangu. Mimi ni mhasibu mwaka wa kwanza, bado niko kontrakti ya miezi sita. Shida yangu ni mwili, nikiulizwa kitu mbele ya watu moyo unapiga mpaka nadhani wananisikia, mikono inatetemeka nashindwa hata kushika panya ya kompyuta. Namba nazijua kabisa. Sasa mtu kama mimi afanye nini, ju kujua si shida?

---

MamaKontena

Mdogo wangu, pole, na hiyo ya kutetemeka mimi bado ninayo mpaka leo, haijaisha, niliacha tu kuipiga vita.

Kuna kitu kimoja nilisoma kikanisaidia. Mtafiti mmoja wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha 2014 majaribio ambapo watu walitakiwa kuimba, kutoa hotuba au kufanya hesabu chini ya presha. Wengine waliambiwa wajiambie wametulia, wengine wajiambie wana msisimko. Wale wa msisimko ndio walifanya vizuri zaidi. Ukiwaza haina ajabu, moyo ukishaanza kwenda mbio kuulazimisha utulie ghafla ni ngumu, lakini kuuambia "haya, twende" ni karibu na pale ulipo tayari. Mimi kwa ngazi hujiambia hivyo hivyo kwa Kiswahili, "leo nina hamu".

Kingine, usishike panya. Shika kitu kizito kidogo, daftari ama kikombe. Na sentensi ya kwanza iandike neno kwa neno, zingine zitakuja zenyewe. Mtu akipita sentensi ya kwanza mwili nao hupunguza.

---

Karani_wa_zamani

Naheshimu uliyoandika lakini wacha niseme ukweli mchungu. Nimefanya kazi ofisi za hii Nairobi miaka 19. Watu hupandishwa kwa kujuana. Nimeona vijana wanajua kazi kuliko bosi na hawaendi mahali, na nimeona mtu hajui kufungua shiti anapewa idara kwa sababu ya shemeji. Hiyo mistari mitatu unaisomea nani kama kiti kishapewa mtu?

---

MamaKontena

Mkuu sikukatalii. Nimeyaona hayo na macho yangu na sitakudanganya kwamba kuongea vizuri kunashinda shemeji. Kuna ofisi zingine dawa yake ni kutafuta kazi pengine, na si udhaifu kusema hivyo.

Lakini niliyoandika si kuhusu kupandishwa tu. Ile koteshoni ya makontena mawili ilienda hivyo na hakuna shemeji wa mtu alihusika, ilikuwa mimi, mdomo wangu, na sentensi isiyo na mwili. Hapo ndipo niliamua kushika kile kilicho mikononi mwangu. Na kitu kingine, yule anayejulikana kwa hesabu yake hata akinyimwa kiti, wateja na wakala wa meli huwa wanajua ni nani wa kupigia simu. Siku ukihama, hiyo namba ya simu unahama nayo.

Na miaka 19, shikamoo kabisa. Ningependa kusikia zaidi kutoka kwako ukipata nafasi.

---

Njia_ya_Kiambu

Nimeguswa na hiyo ya sauti ya kuazima. Mimi nashrabu. R na L zinanipotea hasa nikiwa na haraka, na kwa kampuni yetu kuna watu wawili wakinisikia wanatazamana. Niko mauzo, naenda kwa wateja Westlands na Upper Hill, watu wa suti. Nimefika mahali nachagua maneno yasiyo na hizo herufi, nikiwa prezentesheni nusu ya akili iko kwa herufi na nusu kwa bidhaa. Nimefikiria hata kulipa mtu anifundishe lafudhi.

---

MamaKontena

Kaka, nusu ya akili kwa herufi, hapo umesema jambo lenyewe hasa. Hiyo nusu ndiyo mteja anakosa.

Lugha ya Kikuyu haina L. Ulikua na sauti moja mahali Kiswahili na Kiingereza vina mbili, ulimi wako haujakosea chochote, uko mahali ulipozaliwa. Mjaluo ana yake kwa SH, Mkamba ana yake, mimi mwenyewe kuna maneno yananishinda. Huyo wa fedha niliyekuwa namwiga aliipata lafudhi yake kwa kuishi mahali, haikuwa nguo ameivaa, ndiyo maana kwake ilikaa na kwangu ikawa inaanguka.

Ninachokuomba ni kimoja tu, punguza mwendo. Herufi hupotea kwa haraka kama ulivyosema mwenyewe. Na yale maneno muhimu, bei, jina la bidhaa, tarehe, yaweke kwa slaidi ama karatasi uwape mkononi, ili wakikosa neno moja wasikose maana. Pesa za lafudhi peleka kwa kitu kingine.

Na tukumbuke katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Nimeanza kusema sehemu za mitingi kwa Kiswahili, hasa mambo ya yadi, na hakuna aliyenikataza. Nilichogundua ni kwamba wengine nao walikuwa wanangoja mtu aanze.

---

Shangazi_Buruburu

Mwanangu umeandika vizuri. Mimi nimestaafu benki, niliingia kama telar wakati ambapo mwanamke kwa meza ya mameneja alikuwa wa kuandika minitsi. Wacha niongeze mambo ya wasichana.

Utakatizwa. Hilo lijue kabla hujaingia. Mimi nilikuwa na neno moja, "nimalizie". Sio kwa hasira, sauti ile ile, mkono juu ya meza, "nimalizie", halafu namalizia kweli kwa sentensi moja fupi. Ukisema nimalizie kisha uzunguke dakika tano, mara ya pili hawatakupa. Na kabla ya mitingi nilikuwa namwendea mwenyekiti namwambia, nina jambo juu ya agenda ya tatu, naomba unipe nafasi. Mwenyekiti mwenyewe anakuita kwa jina, unaanza ukiwa umeshakaribishwa.

Juu ya mavazi nitasema hivi, ju najua wasichana wanaambiwa wanunue nguo za kizungu wakitaka kuonekana. Profesa Wangari Maathai tulimwona kwa kitenge na kilemba chake, Oslo 2004 akichukua Nobel, na hapa nyumbani kabla ya hapo. Mnakumbuka 1989 walipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 pale Uhuru Park? Alitukanwa mpaka bungeni. Na silaha yake kubwa ilikuwa barua. Alikaa akaandika barua, kwa ofisi hii, kwa ubalozi ule, akauliza kama wangekubali jumba kama hilo ndani ya Hyde Park. Wafadhili wakajiondoa, jumba halikujengwa, na leo watu wanakaa kwa nyasi hapo. Mimi wakati huo nilikuwa telar na nilikuwa napita hapo kwenda kazini, nikaanza kuandika barua zangu mwenyewe ndani ya benki. Memo fupi, ukurasa mmoja. Wanaume waliokuwa wananikatiza kwa mdomo hawangeweza kukatiza memo.

---

MamaKontena

Shangazi shikamoo. Hiyo ya memo naichukua leo leo. Kuna watu wengi hapa ambao mdomo si njia yao, wameumbwa watulivu, na wanadhani basi uongozi si wao. Ukurasa mmoja uliotumwa Ijumaa jioni unaweza kuongea Jumatatu kabla yao.

---

Rongai_Express

Swali kuhusu ile semina. Kwetu pia tumefundishwa hiyo 55, 38 na 7 na hiyo ya kusimama mikono kiunoni. Unasema ni uongo? Ju bosi wetu ameibandika ukutani kabisa.

---

MamaKontena

Mimi nilienda kutafuta baadaye, kwa hasira kidogo, nitakuambia nilichopata.

Hizo asilimia zinatoka kwa Albert Mehrabian wa Marekani, utafiti wa 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likisemwa kwa sauti tofauti, na kuonyeshwa picha za nyuso, waseme kama huyu mtu ana hisia nzuri au mbaya. Ni kuhusu hisia, kupenda na kutopenda, wakati neno na uso vinapingana. Mehrabian mwenyewe amesema hesabu yake haifai kutumiwa kwa mawasiliano yote. Fikiria mwenyewe, kama maneno ni asilimia 7, mtu akikuelekeza barabara kwa Kichina ungeelewa 93.

Ile ya kusimama, utafiti wa kwanza ulikuwa 2010 na watu 42. Mwaka 2015 wengine wakaurudia na watu 200, homoni hazikubadilika. Watu walisema tu wanahisi wana nguvu kidogo. Na mmoja wa watafiti wa kwanza, Dana Carney, 2016 akaandika hadharani kwamba haamini tena kama hiyo athari ni ya kweli. Nilimheshimu sana kwa hilo. Hebu wazia, jambo limekupa jina dunia nzima halafu unasimama unasema nilikosea. Kama tunatafuta mfano wa haiba, mimi naweza kuuweka huo ukutani.

Sisemi mwili hauna maana. Kaa vizuri, angalia watu machoni, usijikunje. Lakini mimi siku ya demareji mgongo wangu ulikuwa umenyooka.

---

Rongai_Express

Asante. Sasa mazoezi ya kuongea mtu apate wapi bila kulipa elfu 40 za semina?

---

MamaKontena

Chama chako. Kanisa ama msikiti wako. Mkutano wa ploti. Sifanyi mzaha, mimi niliomba kuwa mweka hazina wa chama chetu kwa sababu hiyo tu, kila mwezi nasimama mbele ya kina mama 15 nasoma hesabu, na kina mama hawakupi huruma ukikosea shilingi 50.

Kisha kuna Toastmasters, ni vilabu vya kujifunza kuongea, vilianza California 1924 na hapa Nairobi viko kadhaa, mgeni anakaribishwa kuangalia. Ninachopenda ni kwamba kuna mtu kazi yake ni kuhesabu kila "aaah" na "yaani" unayotoa, na mwingine anashika saa. Hotuba ya dakika 5 hadi 7, kadi ya kijani inainuliwa ukifika 5, ya njano 6, nyekundu 7. Siku yangu ya kwanza nilisomewa nimesema "yaani" mara 23. Ilinichoma. Lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia kitu ninachoweza kuhesabu. "Huna haiba" siwezi kuipeleka mahali. "Yaani 23" naweza kuileta 10.

Na ninyi ambao ni mabosi na mnasoma hapa, tafadhali. Ukimwambia kijana hana haiba, mwambie umeona nini. Siku gani, sentensi gani. Mimi bosi wangu angeniambia "ile Jumatatu ya koteshoni ulikuwa na jambo la maana ukalifunika" ningeokoa mwaka mzima na blezi mbili.

---

Mama_wa_mapacha

Dada mimi nimepandishwa mwezi jana na kila siku nangoja mtu aje aseme wamekosea jina. Nimesoma kuna jina la hii, wanaita ugonjwa wa kujiona tapeli. Ulipitia?

---

MamaKontena

Nilipitia na bado hurudi, hasa nikiwa na watu wenye digrii mbili. Walioliandika kwanza ni wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, 1978, walikuwa wameongea na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa na wengi walikuwa wanangoja kukamatwa kama wewe. Na wenyewe hawakuuita ugonjwa. Nakuomba usijiite mgonjwa.

Kwangu kilichosaidia ni daftari. Kila Ijumaa naandika kitu kimoja nilichokamilisha, chenye namba. "Makontena 14 yamerudi ndani ya siku." Hakuna sifa, hakuna dua, ni rekodi tu. Ile sauti ikianza saa nane usiku nafungua daftari, ju ubishi wa hisia na hisia hauishi, lakini 14 ni 14. Na pia waza hii, waliokuchagua waliona faili lako. Kuwaza wote wamekosea ni kuwavunjia heshima kidogo, si ndiyo?

---

Karani_wa_zamani

Nimerudi. Nimefikiria hilo la namba ya simu. Kweli mimi wateja wa 2009 bado hunipigia hadi leo, na nilikuwa sijaihesabu kama kitu. Nitaandika uzi wangu kuhusu kuhama kazi ukiwa umepita miaka 45, ju nahama.

---

MamaKontena

Nitakuwa wa kwanza kusoma. Kila la heri mkuu.

---

mhasibu_mdogo

Wiki imepita, nimerudi na ripoti. Jumatano tulikuwa na mitingi ya bajeti. Niliandika mistari mitatu. Mikono ilitetemeka, nilishika kikombe, chai ilimwagika kidogo lakini hakuna aliyejali. Nikasema, "Gharama ya mafuta imepanda kuliko bajeti kwa sababu kituo kimoja kimelipwa mara mbili mwezi wa tatu. Invoisi zote mbili niko nazo. Naomba ruhusa niwaandikie watupe kreditnoti." Ilikuwa kimya. Kisha bosi akauliza, "Hii umeitoa wapi?"

---

Shangazi_Buruburu

Na ukamjibu vipi?

---

mhasibu_mdogo

Nilitaka kusema samahani. Nikafungua faili nikamwonyesha.